Tufundishe Kusoma Jibu, Si Kutoa Amri Tu

Somo la kompyuta katika shule za sekondari lina upungufu mmoja ambao hauwezi kuondolewa kwa kununua mashine zaidi. Mwanafunzi hufundishwa majina ya sehemu za kompyuta, kisha hufundishwa kutoa amri: aandike nini, abonyeze wapi, ahifadhi vipi. Jambo asilofundishwa ni kusoma jibu. Hali programu yoyote inayosemezana na kompyuta nyingine haina budi, baada ya kuamuru, kufahamu kile ilichojibiwa na kuamua ni kiasi gani cha jibu hilo kinastahili kuaminiwa.

Makala haya yanatoa rai kwamba kusoma jibu ni somo kamili la sayansi, na kwamba laweza kufundishwa kwa chaki na ubao hata mahali pasipo na kompyuta hata moja. Mfano ufaao kuanzia ni mstari mmoja wa maandishi ambao umewasumbua watunga programu kwa miaka mingi. Mstari huo ni mfupi, unasomeka kwa macho, na hesabu iliyomo haizidi kuzidisha na kujumlisha. Hata hivyo umebeba mafunzo mawili mazito: madhara ya kanuni iliyoandikwa kwa ulegevu, na hatari ya kuamini neno la mwingine bila ya kulipima.

Njia mbili za mazungumzo

Itifaki ni mapatano ya namna ya kusemezana. Mojawapo ya itifaki kongwe za mitandao ya kompyuta ni ile ya kuhamishia faili, ijulikanayo kwa herufi FTP. Mapendekezo yake ya kwanza yaliandikwa na Abhay Bhushan, wa chuo cha MIT nchini Marekani, mwezi wa Aprili 1971, wakati wa mtandao wa ARPANET uliotangulia Intaneti. Umbo lake lililodumu lilitolewa Oktoba 1985 na Jon Postel na Joyce Reynolds, katika waraka namba 959 wa mfululizo wa nyaraka ambamo kanuni za Intaneti hutangazwa.

Katika itifaki hii wako wasemaji wawili. Programu inayoomba huitwa mteja, na kompyuta inayohudumia huitwa seva. Tabia yao ya pekee ni kwamba hutumia njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maneno: mteja hupiga hodi katika mlango namba 21 wa seva, hutoa amri, na seva hujibu. Njia ya pili ni ya mzigo wenyewe, yaani faili linalohamishwa, nayo hufunguliwa upya kila panapokuwa na mzigo wa kupitisha.

Ni nani afungue njia hiyo ya pili? Hapa twaweza kumfikiria mtu aliyenunua gunia la mchele. Ama mwenye duka humpelekea nyumbani, ama yeye mwenyewe huelekezwa ghala lilipo, akaenda kulichukua. Kwa desturi ya kwanza ya FTP, mteja hutaja anwani yake na namba ya mlango wake, kisha seva humfuata. Desturi ya pili ni kinyume chake: mteja hutoa amri ya PASV, na seva, badala ya kumfuata, hufungua mlango mpya, hungojea hapo, na humjulisha mteja mahali pa kuujia mzigo. Desturi hii ya pili tutaiita hali ya kungojea.

Hali ya kungojea ilipata umuhimu mkubwa pale taasisi zilipoanza kuzungushia mitandao yao kuta za ulinzi, yaani vyombo vinavyochuja mawasiliano yaingiayo kutoka nje. Ukuta wa namna hiyo humruhusu aliye ndani atoke, lakini humzuia mgeni asiyetarajiwa. Seva inayojaribu kumfuata mteja nyumbani kwake huonekana kuwa mgeni wa jinsi hiyo. Kwa sababu hiyo Steven Bellovin, wa maabara za Bell za kampuni ya AT&T, alipendekeza mwezi wa Februari 1994 kwamba wateja watumie PASV, ili miito yote itoke ndani kwenda nje.

Jibu lenyewe

Seva ikikubali, hujibu kwa mstari mfano wa huu:

227 Entering Passive Mode (192,0,2,15,195,149)

Namba 227 ni hukumu, nayo haikutungwa kwa kubahatisha. Tarakimu ya kwanza, 2, maana yake amri imetimizwa. Ingekuwa 4, maana yake ingekuwa jaribu tena baadaye. Ingekuwa 5, maana yake imekataliwa kabisa. Tarakimu ya pili, 2, huonyesha kwamba habari hii yahusu miunganisho. Tarakimu ya tatu hulitofautisha jibu hili na majibu mengine ya jamii yake. Maneno ya Kiingereza yanayofuata humwambia binadamu kwamba seva inaingia katika hali ya kungojea, programu haiyahitaji.

Kisha zinakuja namba sita. Nne za kwanza ni anwani ya kompyuta, yaani 192.0.2.15. Mbili za mwisho ni mlango, ambao namba yake ina biti 16. Biti hizo zimegawanywa katika mafungu mawili ya biti 8, na kila fungu laweza kuwa na thamani tangu 0 hadi 255. Kuupata mlango, twazidisha namba ya tano kwa 256 na kuongeza ya sita: 195 mara 256 ni 49,920, tukiongeza 149 twapata 50,069. Mwanafunzi akizigeuza namba hizo mbili, atapata 38,339, na atabisha mlango usio na mtu. Mwalimu wa hisabati ataona mara moja kwamba hii ni hesabu ya kipeo cha 256, isiyotofautiana kwa asili na makumi na mamoja ya darasa la kwanza.

Namna nne za kukosea

Tuchukue sasa wanafunzi wanne wenye bidii, kila mmoja akitunga programu ya kulichambua jibu hilo.

Wa kwanza ahesabu herufi. Aona kwamba anwani yaanza baada ya herufi 27, na aamuru programu yake iruke herufi 27. Programu yafanya kazi hadi siku itakapokutana na seva yenye maneno marefu zaidi.

Wa pili atafuta mabano: kila kilichomo ndani ya mabano ndicho kitakiwacho. Njia hii yaonekana kuwa ya busara, kwani mfano wa jibu katika ukurasa wa 40 wa waraka namba 959 una mabano. Lakini katika mchoro wa ukurasa wa 43 wa waraka uo huo, jibu lile lile limeandikwa bila ya mabano. Kwa hiyo mtunga seva aliyeufuata ukurasa wa 43 alikuwa mtiifu sawa na yule aliyeufuata ukurasa wa 40, na programu zao wawili hazikuelewana.

Wa tatu, akiisha kuonywa juu ya mabano, atafuta tarakimu ya kwanza katika mstari. Anasahau kwamba tarakimu ya kwanza ni ile ya 227 yenyewe.

Wa nne atafuta maneno ya Kiingereza yaliyo katika mfano. Huyu anasahau kwamba maneno hayo si sheria. Waraka wenyewe wasema kwamba maneno ya majibu ni mapendekezo tu, na yaweza kutofautiana kati ya seva moja na nyingine. Na mwaka 1999 waraka namba 2640 ulileta amri ya LANG, ambayo mteja huitumia kuomba maneno ya lugha anayoitaka. Basi seva ina haki kamili ya kujibu: «227 Naingia katika hali ya kungojea 192,0,2,15,195,149». Programu iliyotungwa vema italielewa jibu hilo bila ya kujua neno moja la Kiswahili. Programu ya mwanafunzi wa nne itasema seva imeharibika.

Oktoba 1989, waraka namba 1123, uliohaririwa na Robert Braden, ulikiri kwamba umbo la jibu la 227 halikusawazishwa vizuri, na ukaagiza kwamba mteja asitegemee mabano, bali aitafute tarakimu ya kwanza ya anwani. Agizo hilo lilisaidia, lakini halikumaliza shida, kwani maneno yenyewe yaweza kuwa na tarakimu: seva inayojitaja kuwa «Seva ya 3» humpotosha anayeshika tarakimu ya kwanza aionayo. Njia iliyo salama zaidi ni kuiruka namba ya hukumu, kisha kutafuta namba sita zinazofuatana, zilizotengwa kwa alama ya mkato, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255.

Ukarimu na ukali

Hapa ndipo penye kiini cha rai yetu. Katika nyaraka za mwaka 1980 alizozihariri, Postel aliweka kanuni mashuhuri: uwe mwangalifu katika utoayo, uwe mkarimu katika upokeayo. Watunga programu wengi wameishika kama wasia. Wengine wameipinga. Mwaka 2023 Martin Thomson na David Schinazi, katika waraka namba 9413, walieleza kwamba ukarimu uliopita kiasi huyafanya makosa yaote mizizi: seva yenye kasoro haitengenezwi kwa kuwa wateja wanaivumilia, na kila mteja mpya hana budi kuiga uvumilivu ule ule, hata kanuni iliyoandikwa ikawa si kanuni inayotumika.

Kwa maoni yetu pande hizo mbili zaweza kupatana iwapo tutatenga umbo na maana. Katika umbo, na tuwe wakarimu, hasa pale ambapo kanuni yenyewe imejikanganya: mabano yawepo au yasiwepo, maneno yawe ya Kiingereza au ya Kiswahili, si kitu. Katika maana, na tuwe wakali. Zikija namba tano badala ya sita, tusikisie ya sita. Ikija 256, tusiipunguze iwe 255. Ukija mlango namba 0, tusiubishe. Programu inayokisia maana haitoi huduma. Huahirisha tu kosa hadi mahali ambapo itakuwa vigumu kulitambua.

Tofauti hii ndiyo mwalimu wa sayansi aitakayo katika maabara. Mwanafunzi anayeandika «sm» au «sentimeta» amebadili umbo, na hapana haja ya kumwadhibu. Mwanafunzi aliyesoma 7.4 akaandika 7.5 kwa sababu ndilo jibu alilolitarajia amebadili maana, na hapo hapana nafasi ya huruma.

Anwani ya kuambiwa

Funzo la pili lahusu uaminifu. Programu ikiisha kulichambua jibu barabara, je, yapasa kuliamini?

Kwanza kuna kosa lisilo la nia mbaya. Kwa sababu anwani za zamani za Intaneti ni haba, mitandao mingi hutumia ndani yake anwani za faragha, kama zile zianzazo na 192.168, zilizotengwa rasmi kwa kazi hiyo katika waraka wa mwaka 1996. Anwani hizo hazina maana nje ya mtandao husika. Seva iliyo nyuma ya kifaa kinachobadili anwani yaweza kumwambia mteja aliye nje, kwa ukweli wote, «njoo 192.168.1.5». Mteja akitii, ataitafuta anwani hiyo katika mtandao wake mwenyewe, na huko ataikuta mashine nyingine, au hataikuta yoyote.

Pili kuna kosa la nia mbaya. Seva ya mdanganyifu yaweza kutaja kwa makusudi anwani ya kompyuta nyingine, iliyomo ndani ya ukuta wa mteja, ili mteja akaibishe milango yake kwa niaba ya seva na, bila ya kujua, aijulishe ni ipi iliyo wazi. Desemba 2020 watunzaji wa curl, programu itumikayo sana ya kuhamishia data, walitangaza kwamba programu yao ilikuwa imeacha mwanya wa namna hiyo. Dawa waliyoiweka ni nyepesi: tangu toleo 7.74.0, curl huchukua namba ya mlango tu kutoka katika jibu, na huitupa anwani. Kwa njia ya mzigo huirudia kompyuta ile ile ambayo tayari inasema nayo katika njia ya maneno.

Wazee walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mteja tayari anajua yuko na nani. Hana sababu ya kuambiwa upya na mtu ambaye huenda hajui, au hasemi kweli.

Yafaa tuseme, kwa haki, kwamba anwani haikutiwa katika jibu kwa upuuzi. Wabunifu walitaka mtu mmoja aweze kuziamuru seva mbili zipelekeane faili moja kwa moja, na kwa kazi hiyo anwani ilihitajika. Lakini lililofaa kwa wachache likawa mtego kwa wote. Septemba 1998 ilitolewa amri mpya, EPSV, ambayo jibu lake, namba 229, hutaja mlango peke yake, ndani ya mabano na kati ya alama zilizowekwa wazi: (|||50069|). Sababu mojawapo ilikuwa anwani mpya za Intaneti, zenye biti 128, ambazo haziwezi kuandikwa kwa namba nne za biti 8. Faida nyingine ni kwamba kisichosemwa hakiwezi kusemwa vibaya. Nasi twaona hilo ndilo tendo la busara kuliko yote katika historia hii: badala ya kumfundisha msomaji kulishuku neno, mwandishi aliliondoa neno lisilohitajika.

Je, si jambo la kale?

Atatokea mwalimu atakayeuliza kwa nini wanafunzi wahangaike na itifaki inayozeeka. Ni kweli kwamba mwaka 2017 mradi wa Debian uliifunga huduma yake ya FTP kwa umma, na kwamba mwaka 2021 programu za Chrome na Firefox ziliacha kuitumia. Ni kweli pia kwamba FTP ya asili hupitisha hata neno la siri bila ya kulificha, na haifai kwa mambo ya faragha.

Lakini hatumfundishi mwanafunzi kipimajoto cha zebaki kwa kuwa hakuna vipimajoto vingine. Twamfundisha kwa sababu anaiona zebaki ikipanda. Itifaki za sasa nyingi zimefungwa kwa usimbaji, na maneno yake ni biti ambazo jicho haliwezi kuzisoma. FTP husema wazi wazi, na makosa yake yaonekana ubaoni. Anayefahamu kwa nini jibu la 227 lilimkosesha mwenzake atakuwa tayari kufahamu kwa nini programu ya kisasa haimwamini kila anayeiletea ujumbe.

Kazi ya ubaoni

Twapendekeza zoezi la vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, mwalimu aandike ubaoni majibu kumi ya 227: mengine yenye mabano, mengine bila, moja lenye maneno ya Kiswahili, moja lenye namba tano, moja lenye 300 ndani yake, moja lenye anwani ya faragha. Wanafunzi wataje, kwa kila jibu, mlango ni upi, au kwa nini jibu likataliwe. Katika kipindi cha pili, kila kikundi kiandike kwa Kiswahili sanifu kanuni ya kulichambua jibu, kisha kikundi kingine kiitekeleze kanuni hiyo neno kwa neno, bila ya kuwauliza waandishi chochote. Pale watekelezaji watakapokwama, hapo ndipo kanuni ilipoandikwa kwa ulegevu.

Kipindi hicho cha pili ndicho chenye thamani zaidi. Kurasa mbili zilizopingana katika waraka wa mwaka 1985 hazikuandikwa na wajinga. Ziliandikwa na wataalamu wakubwa wa wakati wao, nazo zilipita zikachapishwa. Mabano yaliyoachwa yaliwagharimu wasomaji wengi kuliko yalivyomwokoa mwandishi. Kijana atakayeandika maagizo ya kutumia dawa, au taratibu za kuendesha mtambo, atakuwa katika nafasi ile ile, na wasomaji wake hawatakuwa na waraka wa miaka minne baadaye wa kuwasahihishia.

Shule isiyo na kompyuta haina budi kuendelea kuzidai, kwani zina faida yake. Ila isingojee zifike ndipo ianze kufundisha fikira ya kompyuta. Mstari mmoja, namba sita, na swali la kumwuliza kila mwanafunzi: umesoma nini hapa, na kwa nini umekiamini?